Picha elfu sitini na nane na hujui ipi iko wapi: namna nilivyozipanga na Lightroom

Kuna jamaa alinipigia saa tatu usiku, mzee wake kafariki asubuhi ile, akasema kaka si wewe ndo ulipiga sendofu ya dada yetu, kuna picha mzee kasimama peke yake na kaunda suti anacheka, tunaiomba ya bango, kesho mchana tunazika. Picha naikumbuka vizuri tu. Nakumbuka mpaka ukuta wa nyuma ulikua wa kijani na pembeni kulikua na kreti za soda nikamsogeza mzee kidogo zisitokee. Nilichokua sikumbuki ni mwaka, wala iko kwenye eksteno ipi, zile disiki za kuchomeka, kati ya tatu nilizonazo. Nilikesha mpaka saa kumi alfajiri nafungua folda zinaitwa "New folder (3)", "SENDOFU FINAL", "SENDOFU FINAL YENYEWE", mwisho nikaikuta kwenye folda inaitwa "za kadi nyeusi", sijui siku naiita hivo nilikua nawaza nini.

Bango liliwahi. Ila wiki ile ile nikaanza kupanga mzigo wote, picha kama elfu sitini na nane, za kazi na za familia, na ilinichukua jioni za wiki sita hivi. Leo ukiniuliza picha ya mtu fulani kwenye shughuli fulani nakupa ndani ya dakika moja. Naandika hapa nilivyofanya pamoja na nilipoharibu, wewe usiharibu palepale.

Kwanza elewa kitu kimoja, katalogi sio kabati

Hapa ndo watu wengi wanapigwa. Mi natumia Lightroom Classic, programu ya Adobe ya kupanga na kuediti picha, ile ya kukaa kwenye kompyuta, usiichanganye na ile Lightroom nyingine ya kuweka picha mawinguni, Adobe walizitenganisha Oktoba 2017 na majina yanafanana mpaka inakera. Watu wanadhani ukishaimpoti picha basi zimeingia "ndani ya Lightroom". Hazijaingia popote. Picha ziko kwenye folda zako vilevile, Lightroom yenyewe imeandika tu kwamba picha fulani iko disiki fulani folda fulani, ina nyota tatu, imeongezwa mwanga kidogo, imekatwa upande wa kushoto. Ni kama daftari la muuza duka, limeandikwa sukari iko shelfu ya chini, sasa wewe ukiihamisha sukari usiku bila kumwambia, asubuhi anaenda pale anakuta patupu. Daftari hilo ndo katalogi, ni faili moja linaishia na .lrcat.

Kwahiyo sheria ni hii, na ukiishika hii peke yake umeshapona nusu: kuanzia siku umeimpoti, kuhamisha folda, kubadili jina, kufuta, vyote vinafanyika humohumo ndani ya Lightroom, usiende kushika kwa nje kwenye Windows. Ukishika nje utaona alama ya kuuliza kwenye folda na alama ya mshangao kwenye picha, hapo ndo watu wanapanic wanafuta kila kitu waanze upya na kazi ya kuediti ya miaka miwili inaenda na maji.

1. Kusanya vyote sehemu moja, na usiwe na haraka

Kabla hata ya kufungua programu, tafuta eksteno mbili zinazolingana, zote ziwe na nafasi kubwa kuliko mzigo ulionao. Moja ya kufanyia kazi, moja ya bakapu. Na kabla hujaziamini zipime, maana kuna disiki, flashi na kadi feki zinauzwa zimeandikwa terabaiti kibao na bei ya chai, ukiichomeka kompyuta inakuonyesha ukubwa ule ule, ila ndani uwezo wake ni kidogo, ukijaza inaanza kuandika upuuzi na hausemi kitu mpaka siku unafungua picha. Kuna kiprogramu cha bure kinaitwa H2testw, kinaijaza disiki yote kisha kinasoma kama kilichoandikwa ndo kilichomo. Inachukua masaa, iache usiku.

Halafu kopi. Narudia, kopi, usikati na kupesti. Zile eksteno za zamani, laptopu ya zamani, kadi, simu, vyote vinakopiwa kuja kwenye disiki mpya, kila chanzo na folda yake, "kutoka-eksteno-nyekundu", "kutoka-laptopu-ya-zamani", hivohivo ovyo kwanza. Umeme ukikatika katikati ya kukopi hujapoteza kitu, ukikatika katikati ya kukati unaanza kumuomba Mungu.

Hapa nina kidonda. Kamera yangu inaandika majina DSC_0001 mpaka DSC_9999, ikifika hapo inarudi DSC_0001 tena. Sasa mtu ukipiga sana unakua na mafaili mengi ya jina moja, picha tofauti kabisa. Mi siku hiyo nilikua namwaga kadi mbili kwenye folda moja, Windows ikaniuliza haya yapo tayari, nibadilishe? Nikajua ni yaleyale nimeyakopi mara mbili, nikabonyeza ndio kwa yote. Ubatizo wa mtoto wa jirani, picha mia na kitu, zikafunikwa na picha za mahafali. Jirani mpaka leo tunasalimiana lakini si kama zamani. Kwahiyo ukiulizwa swali hilo jibu ni hapana, siku zote, zibaki zote mbili, pacha tutawashughulikia baadae.

2. Folda za tarehe, hakuna ubunifu

Kila mtu ana falsafa yake hapa, ya kwangu ni mwaka juu, ndani yake shughuli, na jina la shughuli linaanza na tarehe kwa mpangilio wa mwaka-mwezi-siku:

2019
2019-04-20_sendofu_kirumba
2019-04-27_harusi_capri-point
2019-12-25_krismasi_nyumbani

Kwanini mwaka uanze? Kwasababu kompyuta inapanga kwa herufi ya kwanza, ukiandika 20-04-2019 basi tarehe ishirini za miaka yote zitakaa pamoja. Usiweke folda za "Harusi", "Familia", "Wateja", maana harusi ya dada yako ni ya familia na ni harusi, sasa utaiweka wapi? Utaikopi mara mbili, na ndo mwanzo wa fujo. Folda kazi yake ni kusema lini tu. Nini, nani na wapi hizo ni kazi za tagi, tunakuja.

3. Kuimpoti

Fungua katalogi mpya, moja tu. Kuna watu wanafungua katalogi kwa kila harusi, afu wanalalamika hawawezi kutafuta kote kwa pamoja. Katalogi moja inabeba picha laki na zaidi bila wasiwasi. Faili la katalogi liweke kwenye disiki ya ndani ya kompyuta, hasa kama ni SSD (zile disiki za kasi), picha zenyewe ndo zikae eksteno.

Ukibonyeza "Import" juu kuna maneno, soma pale kabla hujaenda mbele. "Add" inaacha picha zilipo na kuandika kwenye daftari tu, hii ndo ya mzigo wa zamani ambao umeshaupanga kwenye folda. "Copy" ni ya picha mpya kutoka kwenye kadi, inazikopi kuja kwenye folda unayoitaka. "Move" mi siigusi. Weka tiki pale pa kuzuia picha zinazoshukiwa kuwa pacha. Ukiwa kwenye "Copy", upande wa kulia kuna sehemu ya kubadili majina zikiwa zinaingia, tengeneza kiolezo cha tarehe na saa ya kupigwa ukimalizia na namba ya asili ya kamera, mfano 20190420-143207_0412, ule ugonjwa wa DSC_0001 unaisha hapohapo. Kuna na sehemu ya metadata, yaani taarifa zinazobebwa na picha, weka jina lako na haki miliki mara moja, itajiandika kwenye kila picha.

Usiimpoti yote kwa pamoja. Anza na mwaka mmoja, umalize mpaka tagi, uone kama mfumo wako unakubali, maana ukikosea kwenye picha elfu tano unarekebisha, ukikosea kwenye elfu sitini unaacha.

4. Saa ya kamera

Hii wanairuka wote, na ndo inayovuruga kuliko zote. Kila picha inabeba ndani yake tarehe na saa iliyopigwa, kwahiyo kamera ikiwa na saa ya uongo, katalogi nzima inadanganya. Harusi moja tulikua wawili, mi na kijana ananisaidia, nikaweka picha zote pamoja zipangwe kwa muda, naona keki inakatwa, wageni wanacheza, afu ndo bibi harusi anashuka kwenye gari. Kumbe dogo alivyoseti saa ya kamera yake alitazama ukutani akaona ni saa nane mchana akaandika 08:00. Saa ya Kiswahili! Kamera yenyewe inajua mchana ule ni 14:00. Tulicheka sana ila uzuri wa kosa la hivo ni kwamba ni masaa sita kamili, wala hakuna hesabu ngumu.

Kurekebisha: nenda Library, fungua kichujio kwa alama ya \ kwenye kibodi, chagua metadata, tenganisha kwa kamera, utaona picha za kamera ile tu. Zichague zote, nenda menyu ya "Metadata" kisha "Edit Capture Time", chagua kusogeza kwa idadi ya masaa, weka +6, imeisha. Kama tofauti ni dakika dakika, mfano dakika kumi na saba, tumia chaguo la kuandika muda kamili: unaiandikia ile picha moja iliyo mbele muda wake sahihi na zingine zote ulizochagua zinasogea kwa kiasi hichohicho. Siku hizi kabla ya kazi kuanza kila mtu anapiga picha ya saa kwenye skrini ya simu yangu, simu moja kamera zote, tofauti ikiwepo naiona hapohapo.

5. Kuchambua, futa bila huruma

Katika hizo elfu sitini na nane mi nilifuta zaidi ya elfu ishirini. Hakuna anaehitaji picha kumi na nne za bwana harusi anakunywa maji. Washa Caps Lock ili kila ukiamua picha ijipeleke mbele yenyewe, afu mikono kwenye kibodi: P ya kubaki, X ya kutupa, U ukijuta. Zikiwa nne zinafanana zichague zote ubonyeze N, zinatokea pamoja kwenye skrini, unaondoa moja moja mpaka anabaki mshindi. Mwisho Ctrl na Backspace, inakuonyesha zote za X, inakuuliza uziondoe kwenye katalogi tu au uzifute mpaka kwenye disiki. Chagua disiki, ila kabla hujabonyeza zipitie kwa macho mara moja. Na kabla hujaanza zoezi hili bakapu ya pili iwe ipo, si ndo maana tulinunua mbili.

Nyota mi natumia tatu, nne na tano tu. Tatu anapewa mteja, nne inaenda kwenye albamu, tano ya kujitangazia. Mtu akianza kuweka nyota moja na mbili anafikiria sana kwa kila picha na kazi haiendi. Rangi nimeziacha kwa hali ya kazi, nyekundu bado, njano naiediti, kijani imeshakabidhiwa.

6. Tagi, hapa ndo utamu ulipo

Tagi ni maneno unayoibandika picha ili uje uitafute nayo. Kosa la kwanza nililofanya ni kuandika kila kinachokuja kichwani, nikajikuta nina "harusi", "Harusi", "arusi", "ndoa", "wedding" na "weding", kila moja na picha zake. Kaa chini na karatasi kwanza, uandike mti wako kabla hujagusa kibodi. Wangu una mashina manne:

SHUGHULI: harusi, sendofu, kichen pati, ubatizo, kipaimara, maulidi, mahafali, msiba, kazi za ofisi
MAHALI: Mwanza, ndani yake Kirumba, Capri Point, Ilemela, Igoma, halafu Bukoba, Dar, na kadhalika
WATU: familia yangu kwa majina, wateja kwa jina la ukoo
KITU: keki, gari, mavazi, chakula, ngoma, ziwa, mawe

Mashina yameandikwa kwa herufi kubwa ili niyatofautishe na nisiyabandike kwa bahati mbaya. Lugha ni moja, Kiswahili basi. Zile tofauti za arusi na ndoa usizipige vita, ukiibonyeza tagi kwa kitufe cha kulia ukaihariri kuna sehemu ya visawe, andika humo arusi, ndoa, nikahi, hayo maneno yanasafiri pamoja na picha ukiitoa hata kama kwenye orodha yako unaona "harusi" tu.

Namna ya kubandika bila kuchoka: anza na kubwa. Chagua folda nzima ya sendofu, Ctrl na A, kisha Ctrl na K, andika sendofu, Kirumba, jina la ukoo, ingiza. Sekunde kumi umeshatagi picha mia nne. Ndo uende kwenye vipande, keki hizi, ngoma hizi. Picha ya mtu mmoja mmoja naitagi kama ina nyota tatu kwenda juu tu, zingine sina huo muda na wewe hunao. Ila kitu kimoja nilijiongeza baada ya ule usiku wa msiba: nina tagi inaitwa "mzee-peke-yake". Kila shughuli nikiona baba au mama mzazi, babu, bibi, katokea vizuri mwenyewe, naibandika. Wenye shughuli hawaiombi siku ile. Wanakuja kuiomba baadae.

Kuna na kutambua sura, bonyeza O, programu inakusanya nyuso zinazofanana unaziandika majina. Inafanya kazi ila inachosha mashine, iache ifanye usiku, na inachanganya sana ndugu wanaofanana, kwangu imeng'ang'ania mdogo wangu ni mjomba. Ukitoa picha kumpa mtu au kupost, kwenye dirisha la kuexpoti kuna tiki ya kuondoa majina ya watu na ya kuondoa mahali, weka zote mbili hasa picha za watoto.

7. Za WhatsApp na zile za kwenye albamu ya mama

Picha ikipita WhatsApp kwa njia ya kawaida inapunguzwa ukubwa na ile tarehe ya ndani inanyofolewa. Ukiimpoti inajipanga siku uliyoipokea au siku uliyoikopi, ovyo tu. Ila jina la faili linakusaidia, IMG-20190420-WA0031 maana yake ilipita tarehe 20 mwezi wa nne 2019, kwahiyo panga kwa jina, chagua za siku moja, uzipe tarehe kwa ileile "Edit Capture Time". Zipe na tagi ya "whatsapp" ili usije ukamtengenezea mtu bango la mita mbili kwa picha ya namna hiyo. Na kuanzia leo mtu akikutumia picha mwambie atume kama dokumenti, inakuja na kila kitu chake.

Za albamu za zamani ni utamu mwingine. Skani kwa 600 dpi (nukta kwa kila inchi), picha ya inchi 4 kwa 6 inakupa pikseli kama 2400 kwa 3600, inatosha kuchapa tena kubwa kidogo. Skani na mgongo wa picha, usidharau, nyuma kuna muhuri wa studio, kuna kalamu ya bibi imeandika jina, wakati mwingine mwaka. Tarehe ya skana ni ya leo kwahiyo lazima uibadili, usipojua siku andika 1 Januari ya mwaka unaoukadiria na tagi "mwaka-wa-kukadiria". Mi nilikaa na mama Jumapili tatu, laptopu mezani, nafungua picha moja moja. Ile ya mjomba na sare nilikua nishaipa 1985 kichwani. Mama akaitazama akasema aa, hiyo kaipiga siku ya kuaga anaenda vita ya Kagera, angalia viatu havijachakaa. Basi ikawa 1978, na maneno yake nikayaandika yote kwenye sehemu ya maelezo ya picha, mpaka ya viatu.

8. Mikusanyo inayojijaza

Ukishakua na nyota na tagi, tengeneza zile smati kolekisheni, unaipa masharti yenyewe inajaza. Ninazo tatu ambazo sikosi kuzifungua kila Jumatatu. Ya kwanza, picha ambazo hazina tagi hata moja, hiyo lazima iwe sifuri. Ya pili, nyota tatu kwenda juu na rangi sio kijani, hao ni wateja wananidai. Ya tatu, tagi "mzee-peke-yake". Kolekisheni haikopi picha, picha moja inaweza kukaa kwenye kumi na haiongezi hata kilobaiti.

9. Bakapu, na uongo mmoja

Ukifunga Lightroom inakuuliza ufanye bakapu, unakubali, unalala usingizi. Ile bakapu ni ya daftari tu! Picha hazimo. Na kibaya zaidi, usipobadilisha inaihifadhi kwenye folda ileile ilipo katalogi, disiki ikifa wanakufa wote mama na mtoto. Bonyeza ubadili, iende kwenye eksteno. Picha zenyewe unazikopi wewe kwenda kwenye disiki ya pili, na hiyo ya pili isikae nyumba moja na ya kwanza, ya kwangu iko kwa dada, mwizi akija anachukua laptopu na kila kilichochomekwa.

Kitu kingine, chagua picha zote uliyozimaliza ubonyeze Ctrl na S. Hiyo inaandika tagi, nyota na marekebisho kwenye faili la picha au kifaili cha XMP pembeni yake kama ni RAW (picha ghafi ya kamera), kwahiyo hata katalogi ikifa kazi kubwa inabaki. Ila kolekisheni na nakala pepe (picha moja kuiediti kwa namna mbili bila kukopi faili) haziandikwi humo, zinaishi kwenye katalogi peke yake.

Umeme ukikatika ukiwa umefungua, ukiwasha unaweza kukuta inakataa kufungua inasema inatumika. Angalia folda ya katalogi, kuna faili linaishia na .lock, futa hilo tu, mengine yaliyo pembeni usiyaguse.

Na ile alama ya kuuliza kwenye disiki nzima? Mara nyingi hakuna kilichopotea, Windows imeipa eksteno herufi nyingine, jana ilikua E leo ni F. Nenda kwenye Disk Management uirudishie herufi yake, funga fungua, picha zote zinarudi. Mi nimeipa yangu P, ya picha, hakuna kingine kitakachoing'ang'ania.

Kama huna hela ya kulipia kila mwezi

Lightroom ni ya kulipia, na hizi za kuchakachua sikushauri, sio kwa uchamungu, ni kwamba zinakuja na virusi na katalogi yako ndo maisha yako. Jaribu digiKam, ni ya bure kabisa, inakaa Windows, Linux na Mac. Ina nyota, rangi, tagi za mti, kutambua sura, kubadili tarehe, na kuna kitu inanifaa hata mimi niliyelipia: inatafuta pacha kwa kuangalia picha yenyewe inavyofanana, hata kama majina na ukubwa vimetofautiana. Nilizipata pacha elfu nne na mia kadhaa kwa usiku mmoja. Ukiianza nenda kwenye mipangilio ya metadata uiambie iandike tagi na nyota ndani ya picha, ili siku ukihama programu uhame na kazi yako, na eksteno uisajili kama disiki ya kuchomoka, inaikumbuka disiki yenyewe bila kujali herufi. Na uliyekua unalipia Lightroom ukaacha, hufungiwi nje, unaendelea kuona na kutoa picha zako, ila sehemu ya kuediti ndo inafungwa.

Ratiba yangu sasa hivi kazi ikiisha: narudi nyumbani hata kama ni saa saba usiku, kadi inaingia, "Copy", majina yanabadilika, tagi tatu kubwa zinaingia palepale kwenye dirisha la kuimpoti, afu nakopi folda kwenye disiki ya pili ndo nalala. Kadi ambayo picha zake bado ziko sehemu moja inakaa kwenye pochi uso chini. Ikishakua sehemu mbili naigeuza uso juu, na hiyo tu ndo inaruhusiwa kufomatiwa. Dogo anajua, akikuta kadi iko uso chini haigusi hata kama tumeishiwa kadi, anakuja kuniamsha.